Maswali Yenu: Bima ya Ziada kwa Wastaafu Walioko Marekani

SWALI: Tunaishi Columbus, Ohio. Mume wangu ana miaka 67 na anastaafu mwezi wa sita. Mimi nina 65 na natibiwa kwa bima ya kazini kwake. Sanduku la barua halikauki karatasi za Medigap, ile bima ya ziada juu ya Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wenye miaka 65 na zaidi). Kwa Mpango G kampuni moja inataka dola 128 kwa mwezi, nyingine 171, ya tatu 214. Je, ya bei kubwa ndiyo yenye matibabu mazuri zaidi? Na mkataba mmoja utatutosha wote wawili? — *Mama S.*

JIBU: Shikamoo mama. Majibu yote mawili ni hapana. Medigap ni ya mtu mmoja mmoja, kwa hiyo mtakata mbili, na hamlazimiki kuchagua kampuni moja wala mpango mmoja.

Kuhusu bei, anzeni na herufi. Mipango ya Medigap imepangwa kisheria kwa herufi, na Mpango G unalipa yale yale kwa kampuni yoyote itakayouuza. Ni Massachusetts, Minnesota na Wisconsin tu zenye utaratibu wao. Hospitali na madaktari nao ni wale wale: anayepokea Medicare atakupokea. Basi zile dola 86 kati ya kampuni ya kwanza na ya tatu hazikununulii hata kidonge kimoja.

Ila msikimbilie 128 bila kuuliza jinsi bei inavyopanda. Kuna njia tatu. Ya kwanza, bei ni moja kwa watu wa rika zote. Ya pili, inafuata umri uliokuwa nao siku ya kukata bima na haipandi kwa sababu ya kuzeeka. Ya tatu, inapanda kadiri unavyozeeka. Hii ya tatu ndiyo huonekana rahisi mtu akiwa na miaka 65, kisha humwelemea akifika 80. Mwambieni wakala awape kwa maandishi njia inayotumika na nyongeza za miaka michache iliyopita. Asiyetaka kuandika, achaneni naye.

Bima hii inaziba nini hasa? Kwa daktari, Medicare hulipa asilimia 80 ya bei iliyoidhinisha, na 20 inabaki kwako bila kikomo. Ukilazwa, unatanguliza pesa (mwaka 2025 zilikuwa dola 1,676), na wengi hudhani ni mara moja kwa mwaka. Sivyo. Zinahesabiwa kwa kila kipindi cha kulazwa: ukikaa siku 60 mfululizo bila huduma ya kulazwa kisha ukarudi hospitali, unaanza upya. Mpango G unabeba hayo yote. Unakuachia kiasi kimoja tu, kile unachotanguliza kila mwaka kwenye Sehemu B (sehemu ya Medicare inayolipia madaktari), ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 257.

Uliza pia bei ya Mpango N. Huo unakutoza hadi dola 20 ukimwona daktari, na hadi 50 ukienda chumba cha dharura bila kulazwa. Tuseme G inaizidi N kwa dola 30 kwa mwezi, yaani 360 kwa mwaka: hizo ni safari 18 za daktari. Asiyefikisha safari hizo anaokoa kwa N. Udhaifu mwingine wa N ni kwamba haifidii ile nyongeza ya hadi asilimia 15 inayotozwa na daktari asiyekubali bei ya Medicare. Lakini Ohio imekataza nyongeza hiyo, hivyo kwenu hapo jambo hilo halina uzito mkubwa.

Sasa tarehe, na hapa ndipo watu wanapoumia. Miezi sita tangu Sehemu B yako ianze, ukiwa na miaka 65 au zaidi, hakuna kampuni inayoweza kukukataa wala kukupandishia bei kwa ajili ya sukari, presha au moyo. Dirisha hilo likifungwa halifunguki tena. Kama mumeo hajachukua Sehemu B kwa sababu ya bima ya kazini, dirisha lake bado halijaanza, na lako vilevile kama nawe hujaichukua. Lakini kama aliichukua akiwa na miaka 65 huku akiendelea na kazi, dirisha lake limeshapita, na kampuni inaweza kumpima afya. Tazameni leo tarehe ya Sehemu B iliyo kwenye kadi yake ya Medicare.

Kama hana Sehemu B, mwajiri ajaze fomu ya CMS-L564 (ya kuthibitisha bima ya kazini), nanyi mjaze CMS-40B (ya kuomba Sehemu B), mpeleke zote ofisi ya Social Security kabla ya mwezi wa kustaafu. Sheria inawapa miezi minane baada ya kazi kuisha, na muda wa COBRA (kuendelea na bima ya kazini kwa kujilipia baada ya kuacha kazi) hauisogezi mbele hata siku moja. Dawa za kutumia nyumbani hazimo kwenye Medigap. Kateni Sehemu D, yaani bima ya dawa ya Medicare, kabla siku 63 hazijapita bila bima ya dawa, la sivyo mtalipa faini kila mwezi.

SWALI: Kila mwaka nakwenda Tanga miezi mitatu. Mpango G utanilipia hospitali kule? — *Mzee wa Houston*

JIBU: Kwa dharura tu, mzee wetu, tena iwe imeanza ndani ya siku 60 za kwanza za safari. Unatanguliza dola 250 kwa mwaka, kisha bima inalipa asilimia 80, na kikomo cha maisha yako yote ni dola 50,000. Bili ikiwa dola 4,250, bima inatoa 3,200 na wewe 1,050. Jiandae kulipa mwenyewe kwanza na kudai baadaye, kwa hiyo usiondoke hospitali bila risiti yenye mchanganuo na ripoti ya daktari. Kwa mwezi wa tatu wa safari yako, kata bima ya safari. Kliniki ya kawaida na vidonge vya presha havimo kabisa.

SWALI: Nina Medicare Advantage (Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi) mwaka wa tatu. Nimegundulika na sukari, nataka kurudi Medicare ya asili na Medigap. — *Msomaji, Dallas*

JIBU: Usijitoe bado. Unaruhusiwa kutoka kati ya Oktoba 15 na Desemba 7, au Januari 1 hadi Machi 31, lakini ruhusa ya kutoka haiilazimishi kampuni ya Medigap kukupokea. Ule mwaka mmoja wa majaribio wa waliojiunga na Advantage mara tu walipofikisha 65 umekwishapita. Omba kwanza, upate barua ya kukubaliwa, ndipo utoke. Mpango wako ukisitisha huduma eneo lako, mambo yanageuka: hapo unapata haki ya kupokewa, na mwisho wa kuomba ni siku 63 baada ya bima kukoma. Hifadhi barua ya kusitishwa.

SWALI: Mama yangu nilimleta kwa kadi ya ukaazi wa kudumu. Ana miaka 70 na hajafanya kazi Marekani. Nimkatie Medigap? — *Mwana, Minneapolis*

JIBU: Lazima kwanza awe na Sehemu A (ya hospitali) na B, na kwa hali yake anahitaji kuwa amekaa miaka mitano mfululizo. Miaka yako ya kazi haimhesabii. Sehemu A atainunua (mwaka 2025 ilikuwa dola 518 kwa mwezi), juu ya Sehemu B. Kabla ya kulipa, piga simu ofisi ya SHIP ya jimbo lenu (inayoshauri watu kuhusu Medicare), ushauri ni bure, uulize kama anastahili Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Anayeipata kikamilifu hahitaji Medigap.