Maswali ya Wasomaji: Paa Ambalo Halijafunguliwa kwa Miaka Mingi

SWALI

Ndugu Mhariri,

Nimeonyeshwa Mercedes-Benz SL 500 ya mwaka 1999, gari la viti viwili lenye paa la kukunja, na mwenyewe yuko tayari kuniuzia. Lina rangi ya fedha, ngozi ya viti haina mpasuko, mita inasoma kilomita 58,000, na kwa maelezo yake gari halijawahi kulala nje tangu alinunue. Amenieleza kwa fahari kwamba paa la turubai bado ni jipya kabisa, kwa kuwa siku zote amekuwa akiliendesha likiwa na paa gumu la alumini, na turubai halijatolewa mahali pake kwa miaka mingi. Rafiki zangu wananihimiza nisicheleweshe, ilhali fundi wangu anasema nijiepushe nalo. Nimsikilize nani?

Jina limehifadhiwa

JIBU

Ndugu msomaji,

Kwa sasa msikilize fundi wako, ingawa sisemi kwamba gari hilo ni baya. Jambo ambalo muuzaji amekutajia kama sifa kubwa ndilo hasa linalopaswa kukutia shaka. Turubai la SL ya kizazi hicho lina madirisha ya nyuma ya plastiki laini, si ya kioo, na plastiki ya namna hiyo ikikaa imekunjwa kwa miaka mingi hukauka, hugeuka rangi kuelekea manjano, na hupasuka kwenye mikunjo siku ya kwanza inapokunjuliwa. Kitambaa nacho hupata alama za kudumu pale kilipojipinda, na kama kiliwekwa kikiwa na unyevu hata kidogo, kitatoka na ukungu na harufu isiyoondoka kwa sabuni. Ndiyo kusema kwamba muuzaji anakusifia turubai ambalo yeye mwenyewe hajaliona kwa muda mrefu.

Kuna jambo kubwa zaidi ya kitambaa. Gari hili, ambalo mafundi hulitambua kwa namba R129, lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Geneva mwaka 1989 na kuendelea kutengenezwa hadi 2001, na paa lake hufanya kazi kwa haidroliki: pampu ya umeme iliyo ndani ya buti, chini ya tairi la akiba, husukuma mafuta kwenye silinda ndogo nyingi zinazofungua vifuniko, kuinua turubai na kuibana ile komeo iliyo juu ya kioo cha mbele. Ndani ya silinda hizo mna sili ambazo huchakaa kwa umri hata kama gari halitembei, na zisipotumika kabisa hukauka haraka zaidi. Mahali pa kuangalia kwanza ni ukingo wa juu wa kioo cha mbele pamoja na vikinga jua, kwa sababu silinda za komeo ya mbele zinapovuja mafuta hudondokea hapo na hatimaye mapajani mwa dereva. Pitisha kidole kwenye ukingo huo, kisha kitazame kidole chako mwangani. Kikitoka na utando wa mafuta, usikubali kuambiwa kwamba ni dawa ya kung'arisha ngozi.

Kwa hiyo, kabla hamjazungumza bei, mwombe mwenyewe alitoe paa gumu ukiwa hapo hapo. Kazi hiyo huhitaji watu wawili, maana paa lina uzito wa zaidi ya kilo 30 na likigonga mwili wa gari huacha mkwaruzo wa gharama. Nenda basi na mwenzako, ili pasiwepo kisingizio cha kukosa mtu wa kusaidia. Zingatia kwamba komeo za paa gumu nazo hufunguliwa na mfumo uleule wa haidroliki kwa swichi ileile. Zikigoma, umekwisha kupata jibu la swali lako bila kufika kwenye turubai. Zikifunguka, injini ikiwa inanguruma ili betri isichoke, agiza turubai linyanyuliwe hadi lijibane, kisha likunjwe, kisha linyanyuliwe tena. Kazi nzima kwa kawaida huchukua kama nusu dakika, nayo huenda kwa mfululizo usio na kusitasita. Paa linalosimama katikati likisubiri kusukumwa kwa mkono lina kasoro, na maneno kwamba "huwa hivyo likiwa baridi" hayaponyi kasoro hiyo. Jaribu pia ule mhimili wa usalama ulio nyuma ya viti, unaopandishwa na kushushwa kwa swichi yake. Kwenye ajali ya kupinduka hujifyatua wenyewe ndani ya sehemu ya tatu ya sekunde, na katika gari lisilo na paa la chuma hicho ni kifaa ambacho mnunuzi hapaswi kukubali kuambiwa kwamba taa yake ya onyo "huwaka tu".

Sili zilizochakaa hazilifanyi gari kuwa la kutupwa. Silinda zinaweza kutolewa na kuwekwa sili mpya na mafundi wenye ujuzi huo, kwa gharama iliyo chini sana ya kununua silinda mpya, na turubai zima linaweza kubadilishwa. Ila gharama hiyo iondolewe kwenye bei anayotaka muuzaji, isikuangukie wewe baadaye.

Kuhusu injini ninayo machache ya kusema, kwa kuwa hapo una bahati. Magari ya jina hili yaliyotengenezwa mapema katika miaka ya 1990 yanajulikana kwa nyaya za injini ambazo ganda lake hukauka na kumomonyoka. Lako limetoka baada ya tatizo hilo kurekebishwa. Injini yake ya silinda nane, yenye nguvu farasi 306, huendesha vali kwa mnyororo badala ya mkanda, na ni ngumu kuiua ikibadilishiwa oili kwa wakati. Ina plagi 16, mbili kwa kila silinda, hivyo uliza zilibadilishwa lini, maana wapo wanaoahirisha kazi hiyo kwa miaka. Kwenye giaboksi ya otomatiki, mwambie fundi wako achunguze plagi ya nyaya inayoingia ubavuni mwake: sili yake ikichoka, mafuta hupenya na kupanda ndani ya nyaya hadi kwenye kompyuta inayoiongoza. Kuna wamiliki waliokaa bila kubadilisha mafuta ya giaboksi hizi kwa sababu hapo awali yalielezwa kuwa ni ya kudumu maisha yote, jambo ambalo mafundi wengi leo hawalikubali.

Sasa hizo kilomita 58,000. Mimi huwa sizipi uzito mkubwa hadi nione karatasi. Kitabu cha sevisi chenye mihuri, risiti za gereji na vyeti vya ukaguzi vyenye tarehe na idadi ya kilomita vinapaswa kupanda kwa mpangilio mmoja, pasipo mwaka unaorudi nyuma. Mpira wa pedeli ya breki, ukingo wa kiti upande wa mlango na ngozi ya usukani vinapaswa kusimulia habari hiyohiyo. Hata kama kilomita ni za kweli, gari lililosimama sana lina maradhi yake. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa na yanapaswa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, hata likiwa halitembei. Matairi yanaweza kuwa na kashata nzima huku mpira ukiwa umezeeka. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi, ambapo 2315, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Inua pia zulia la sakafuni na ulipapase kwa chini, kwa kuwa katika magari ya paa la kukunja maji yaliyopenya kwenye mipira ya milango au kwenye mifereji iliyoziba kwa majani hutuama hapo.

Mwisho, linganisha namba ya chesesi iliyo kwenye gari na ile iliyo kwenye hati ya umiliki, na uhakikishe kwamba halina mkopo unaodaiwa. Yote haya yakikaa sawa, rafiki zako nao watakuwa na haki ya kukuhimiza. Muuzaji akikataa kulitoa lile paa gumu, mshukuru kwa muda wake na uondoke.

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mimi niko upande wa pili: ninauza gari langu la kifahari la paa la kukunja ambalo nimelitunza kwa uangalifu. Je, nilipige rangi upya na kuosha injini kabla ya kulitangaza, na nizitaje dosari zake ndogo au nimwachie mnunuzi azigundue?

Jina limehifadhiwa

JIBU

Ndugu msomaji,

Usilipige rangi. Mnunuzi makini huja na kipimo cha unene wa rangi, na rangi mpya juu ya gari la zamani humfanya ashuku ajali iliyofichwa, hasa kwa gari ambalo nguvu yake kwa kiasi kikubwa iko sakafuni na kwenye vizingiti vya chini ya milango kwa kuwa halina paa la chuma la kulishikilia. Mikwaruzo midogo ya kweli inaaminika kuliko mng'ao usio na maelezo. Injini nayo ifute vumbi tu. Iliyooshwa asubuhi ya siku ya kuonyeshwa hufuta alama za uvujaji, na mnunuzi anayejua magari atajiuliza ni kwa nini.

Dosari zitaje zote katika tangazo lenyewe, kila moja na picha yake ya karibu. Watu wachache zaidi watapiga simu, lakini watakaofika watakuwa wamekwisha kuzikubali, na hutapoteza jioni nzima ukibishana na mtu anayekuonyesha mchubuko wa rimu kana kwamba ameugundua yeye. Weka picha za paa likiwa limefungwa, likiwa katikati ya safari yake na likiwa limekunjwa, pamoja na video fupi isiyokatwa inayoonyesha likifanya kazi. Taja funguo ngapi zipo, na kama bado unacho kizuia upepo cha wavu na zana za awali, kwa sababu vitu hivyo ni ghali kuvitafuta kimoja kimoja. Siku ya mnunuzi kufika, usiipashe injini moto mapema, mwache aiguse boneti ikiwa baridi na aiwashe kwa mkono wake.