Mwaka 1984 ndio uliomleta Mwinyi

Wapo wanaosema Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wa pili wa Tanzania, aliibuka ghafla 1985. Hapana ndugu yangu. Rudi nyuma mwaka mmoja. Januari 1984, kikao cha Halmashauri Kuu ya chama tawala, CCM, kule Dodoma, Aboud Jumbe akang'oka kwenye urais wa Zanzibar na vyeo vyake vyote. Lugha ya wakati ule ilikuwa "kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa", ila kiini kilikuwa muundo wa Muungano: Jumbe alitaka serikali tatu, yaani ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano. Mwinyi akakabidhiwa Zanzibar.

Halafu Aprili 12, Sokoine, Waziri Mkuu, akafa kwa ajali ya gari karibu na Morogoro akitoka bungeni Dodoma. Rais Nyerere mwenyewe ndiye aliyetangaza redioni. Wengi walishamwona Sokoine ndiye mrithi wa Nyerere, kwa hiyo hesabu zote zikaanza upya. Salim Ahmed Salim akashika uwaziri mkuu, na 1985 chama kikamteua Mwinyi kugombea urais wa Tanzania.

Tena usimpe Mwinyi sifa zote za "ruksa", yaani kulegeza masharti ya biashara. Wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa tangu 1984, Nyerere akiwa bado Ikulu. Sabuni na khanga zikaanza kuonekana tena madukani.