Je, -a ndiyo alama ya jina la kike?

SWALI: Katika ukoo wetu shangazi alibatizwa Matilda, bibi ni Gertrude na mjomba ni Robert. Tuliambiwa kwamba jina la Kizungu linaloishia kwa -a ni la kike. Mbona Gertrude halina -a, na Uingereza ilikuwa na mfalme aliyeitwa Offa? – Msomaji, Jinja

JIBU: Ndugu msomaji, majina hayo yote yanatoka katika lugha za Kigermaniki, yaani jamii ya lugha yenye Kijerumani na Kiingereza, ambamo jina kamili liliundwa kwa maneno mawili, na la pili ndilo lililotambulisha jinsia. Hild na gund (vita), trud (nguvu) na burg (ngome) yakikaa mwishoni, mwenye jina alikuwa mwanamke. Bert (ng'aavu) na wulf (mbwa mwitu) yalikuwa ya wanaume. Angalia hild linavyohama: Hildebrand ni mwanamume, lakini Brunhild, malkia wa Wafranki aliyeuawa mwaka 613, ni mwanamke. Waganda huitanguliza alama, Kato akiwa mvulana na Nakato msichana. Kwa Wagermaniki ilikaa nyuma, tena ilikuwa neno zima. Inanigusa sana kwamba watu wale waliwaita binti zao kwa majina ya vita bila kusita.

Matilda nalo lina hild mwishoni; hiyo -a yake ililetwa na makarani walioandika kwa Kilatini, ambao waliongeza -a au -is ili jina lifuate sarufi yao. Ndiyo maana katika Uingereza baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka mwaka 1066, mwanamke aliyeandikwa Matilda kwenye hati, jamaa zake walimwita Maud, na Hild, mkuu wa monasteri ya Whitby aliyefariki mwaka 680, sasa anajulikana kama Hilda. Gertrude halihitaji -a, kwa kuwa trud linatosha.

Majina mafupi yalikuwa na kanuni nyingine. Katika Kiingereza cha kale -a ilikuwa ya kiume, kama kwa mfalme Penda na kwa huyo Offa aliyetawala Mercia, ufalme mmojawapo wa Uingereza ya kale, kuanzia 757 hadi 796, ilhali katika Kijerumani cha kale mwanamume ni Otto na mwanamke ni Berta.

Roberta na Wilhelmina yalizaliwa baadaye, kwa kuunganisha majina ya wanaume na viishio vya Kilatini. Majina ya shangazi na bibi yako hayakutoholewa kwa mwanamume yeyote. Yaliundwa kwa ajili ya wanawake tangu mwanzo.