Ukitaka kukusanya watu kujadili isimu ya ufeministi kwa Kihispania

Ukitaka kukusanya watu mtandaoni wajadili isimu ya ufeministi, yaani namna lugha inavyowataja au kuwaficha wanawake, kwa Kihispania, nakushauri usianze na swali la iwapo ni halali kusema «todes», umbo jipya la neno «wote» lisilo la kiume («todos») wala la kike («todas»). Swali hilo huwagawa watu kabla hawajafahamiana. Kundi letu, lenye wazungumzaji kutoka Uhispania, Meksiko na Ajentina pamoja na sisi wachache tuliojifunzia lugha hiyo Afrika Mashariki, lilipata uhai tulipolipa kazi: kufungua kamusi, kulinganisha matoleo yake, na kila mmoja kuleta mifano ya matumizi ya kwao.

Kamusi hufaa kuanzia kwa kuwa ndani yake lugha na mamlaka hukutana waziwazi. Akademia ya Kifalme ya Uhispania, chombo kinachotoa kamusi rasmi ya lugha hiyo, ilianzishwa mwaka 1713, lakini mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kushika kiti kamili, mshairi Carmen Conde, alisubiriwa hadi mwaka 1978. Miaka sita kabla yake alipendekezwa María Moliner, mkutubi aliyetunga nyumbani kwake kamusi kubwa ya matumizi ya Kihispania iliyotoka mwaka 1966 na 1967, naye hakuchaguliwa. Hata hivyo, neno «presidenta», umbo la kike la «presidente» (rais), limo katika kamusi ya Akademia hiyohiyo tangu mwaka 1803, na ushahidi huo huwajibu vizuri wanaodai kwamba umbo hilo limebuniwa na wanaharakati wa leo.

Wasomeni wapinzani wenu kwa ukamilifu. Sisi tulisoma ripoti ya mwaka 2012 ya Ignacio Bosque, mwanaisimu wa Akademia, inayotetea umbo la kiume kama jumuishi, yaani linalowataja wanaume na wanawake pamoja, sambamba na kazi za wanaisimu wa kifeministi Eulàlia Lledó na Mercedes Bengoechea. Kwa maoni yangu Bosque ana haki anaposema kwamba kurudia kila nomino katika jinsia zote mbili kungeilemea lugha ya kawaida. Ila hoja hiyo haimwondolei msichana anayesikia «los alumnos» («wanafunzi», kwa umbo la kiume) kazi ya kukisia kila mara kama naye amehesabiwa.

Kiambishi «-e», kile cha «todes», kitafika tu, na kikifika kipeni historia yake. Wengi hudhani kilizaliwa katika maandamano ya vijana wa Ajentina mwaka 2018, ilhali mhandisi Mhispania Álvaro García Meseguer alikuwa amekipendekeza tangu mwaka 1976. Kumbukeni pia kwamba uzito wake haulingani kila mahali. Tangu serikali ya jiji la Buenos Aires ilipowazuia walimu kukitumia darasani mwaka 2022, mwalimu wa huko anapokitaja huwa anazungumzia ajira yake, huku mwenzake wa Madrid akizungumzia mtindo wa uandishi. Ndiyo maana sikubali Uhispania ifanywe hakimu wa mjadala.

Kanuni zetu ni chache. Kila mtu huandika kwa umbo alilochagua, wala hasahihishwi. Tumeacha «x» na «@», ambazo wengine huziandika badala ya «o» ya kiume na «a» ya kike, katika maandishi ya pamoja, kwa kuwa programu zinazowasomea wasioona hukwama kwenye alama hizo. Na kila mfano unaoletwa huandikiwa nchi, mwaka na aliyeutamka alikuwa akizungumza na nani, la sivyo hatuujadili.