Mume wangu ana VVU na homa ya ini, mama mkwe ananisakama

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu alikuwa teja. Miaka minne sasa anakunywa methadoni, ile dawa ya kuachia unga, na ARV anameza bila kukosa. Mwezi uliopita wamemkuta na homa ya ini C, akaniletea karatasi siku hiyohiyo. Daktari anataka ameze dawa nyingine miezi mitatu. Nimemwambia dawa zote hizo kwa pamoja zitamaliza ini, asimamishe ARV kwanza. Vyombo vyake nimevitenga kwa ajili ya watoto. Mama yake aliuza cherehani achangie matibabu; hela zikasaidia kwanza mzigo wangu wa vitenge, sasa ananisakama kila siku. Mchuma janga hula na wa kwao. Niondoke? – Mke Aliyechoka, Temeke*

Marahaba mwanangu. Pole. Kuishi na mtu wa unga, leo redio imeuzwa, kesho godoro, kunachosha mpaka mifupa.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu linaganda palepale: kwenye vitenge. Mama wa watu ameuza cherehani, kitega uchumi chake, ili mwanawe atibiwe. Wewe hela umeziingiza kwenye mzigo, halafu ndipo ukagundua kwamba dawa zitamuua. Sidhani unaogopa dawa. Unaogopa siku ya kuulizwa hela. Mama mkwe wako hakusakami, anadai uhai wa mwanawe, na mimi niko upande wake.

Sasa hilo la ini. Huenda ulichosikia ni habari za matibabu ya zamani, sindano za intaferoni, hata wiki 48, mtu anatetemeka kwa homa na kukata tamaa ya maisha. Hayo yamepita. Siku hizi ni vidonge, kwa kawaida sofosbuviri na daklatasviri, kila siku kwa wiki 12. Wanaopona kabisa ni zaidi ya 95 katika kila 100, na wenye VVU wanapona sawa na wasio nayo. Nimesema kupona, si kufubaza. VVU ataendelea kuishi nayo kwa dawa. Homa ya ini C inatoka mwilini ikaisha.

Ni kweli dawa hukutana na dawa. Akiwa anameza TLD, kile kidonge kimoja chenye ARV tatu, daklatasviri haibadilishwi kipimo. Akiwa bado kwenye ARV yenye efavirenzi, daktari ataongeza kipimo cha daklatasviri. Akiwa kwenye dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, atasubirishwa. Ndiyo maana anapaswa kutaja kila anachomeza, hata mizizi ya mganga. Hiyo ni kazi ya daktari, mwanangu, si yako.

Kumsimamishia ARV ni kosa kubwa kuliko yote uliyoandika. VVU ikiachwa bila dawa hulifanya ini liharibike upesi zaidi. Tena kabla ya kuanza lazima apimwe homa ya ini B, maana matibabu ya C yanaweza kuiamsha B iliyolala. Na ndani ya TLD mna tenofoviri na lamivudini zinazoikandamiza hiyo B. Ukimwondolea ARV, umemvua ngao katikati ya vita.

Vyombo je? Homa ya ini C haiambukizi kwa sahani, kikombe wala kukumbatiana. Inakwenda kwa damu, na yeye naamini aliipata maskani, bomba moja la sindano likizungushwa. Cha kutenga ni wembe, mswaki na kikata kucha. Umenitajia methali, basi isikilize vizuri: mchuma janga *hula* na wa kwao. Wewe umemtengea sahani.

Siku hizi harusi ina kamati, vikao na sare, watu wanachanga mamilioni kwa usiku mmoja ukumbini. Bwana harusi huyohuyo akiugua, kamati haionekani, anabaki na mama yake na cherehani. Tumejifunza kuchangia ndoa ikianza, ikiingia kwenye majaribu kila mtu anaulizia mlango wa kutokea. Huyu wako anakwenda kila siku ya Mungu kunywa dozi mbele ya muuguzi, miaka minne. Karatasi hakukuficha. Mavi ya kale hayanuki. Mbona wewe unayafukua?

Kuondoka sikushauri. Kapime wewe pia, VVU na homa za ini zote mbili. B ina chanjo, C haina. Naye akimaliza dozi, wiki 12 baadaye arudi apimwe wingi wa virusi, si kile kipimo cha kwanza cha haraka, kwa sababu hicho kitaendelea kuonyesha alama hata akiwa amepona. Na akirudia bomba la kushirikiana, anaweza kuambukizwa upya.

Anza na mama mkwe. Nenda kwake kabla ya Ijumaa, ukae naye mkekani, umwambie hela ziko wapi, mzigo umebaki kiasi gani, na utazirudisha lini.