Ukitaka Kipuri cha Meli Kuukuu, Anza na Ukoo Wake

Kijana mmoja wa Mombasa anayesomea uhandisi wa meli ameniandikia: "Kaka, vipuri vya meli zilizoacha kuundwa mnavitoa wapi?" Swali zuri. Huku Ghuba wapo watu wana miaka na miaka ofisini hawajawahi kujiuliza, na ndio wanaopandishwa vyeo. Tuyaache hayo.

Mimi niliingia stoo kubeba masanduku. Elimu niliipata usiku, nikisoma habari za manowari, hasa frigeti za Marekani za aina ya Oliver Hazard Perry. Admirali Elmo Zumwalt alizitaka ziwe za bei nafuu ili ziundwe kwa wingi. Ya kwanza ilianza kazi 1977, na zote zikafika 71: 51 za Marekani, 8 za Taiwan, 6 za Hispania, 6 za Australia. Wasomaji wa pwani huenda wanaikumbuka Nicholas, ile ambayo maharamia wa Kisomali waliivamia Aprili 2010 wakidhani ni meli ya mizigo. Masikini!

Marekani ilistaafisha ya mwisho, Simpson, mwaka 2015. Lakini dada zake walikwisha gawiwa Uturuki, Misri, Poland, Pakistan na hapa Bahrain. Uturuki ilichukua na moja zaidi, Duncan, kwa ajili ya kuichomoa vipuri tu. Hapo ndipo nilipoelewa kazi hii: meli hai hula meli mfu.

Ila si kila kipuri kina bahati moja. Injini zao, turbini za gesi za LM2500, zimefungwa kwenye manowari chungu nzima duniani, kwa hiyo hazikosi spea. Mtambo wa kurushia makombora, Mk 13, haukuwa na ndugu wengi hivyo. Kombora lake la SM-1 lilipoondolewa kazini, Wamarekani waliung'oa kabisa kwenye meli zao kuanzia 2003. Basi kabla ya kupiga simu, uliza: kifaa hiki kinatumika na nani mwingine?

Mwezi uliopita tulikuwa na tagi, meli ndogo ya kuvuta meli kubwa, yenye pampu mbovu ya kuzimia moto. Injinia akaamuru iagizwe mpya nzima. Nilishuka na brashi ya waya, nikakwangua rangi, tabaka baada ya tabaka, mpaka kibati cha shaba kikatokea na nambari yake. Nikatafuta tagi pacha, nikaikuta kwa wavunja vyuma, pampu ingali nzima. Barua ya pongezi ilikuja, jina juu yake la mtu aliyekuwa likizo.

Vijana, someni nambari! Jina la kifaa hubadilika kila gati. Vipuri vya kijeshi vya NATO vina tarakimu 13: nne za mwanzo ni kundi la kifaa, mbili zinazofuata ni nchi iliyokisajili, 00 na 01 zikiwa Marekani, 99 Uingereza. Ukizijua hizo, muuzaji hakuchezei. Na someni historia ya meli, acheni uvivu wa kusubiri orodha ya bei.

Wewe wa Mombasa, ukiniandikia tena usiseme "kaka, nitafutie pampu". Nitumie picha ya kibati, kikiwa kimekwanguliwa.