Fundi anajibu: Inchi ngapi, au kilo ngapi?

Fundi, shikamoo. Nina Prado 120 niliyoifunga bampa la chuma na winchi mbele. Tukisafiri tunakuwa watu watano, juu kuna hema kwenye keria, nyuma friji ndogo na madumu ya maji. Gari linakalia nyuma, na kwenye mashimo linagonga. Muuzaji mmoja ananishauri ninunue seti ya kunyanyua inchi 4 ili niweke na tairi za inchi 33. Mwingine anasema spesa tu, vile vipande vya kuweka juu ya shokapu, zinatosha. Nimsikilize nani?
Msomaji mwenye Prado

Marahaba, mwanangu. Wote wawili wamekutajia urefu na hakuna aliyekuuliza gari lako linabeba nini, kwa hiyo usimlipe yeyote kwa sasa. Kwanza lipeleke gari kwenye mizani likiwa kama linavyosafiri: tangi limejaa, hema juu, maji ndani, familia imekaa. Pima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Linganisha jumla na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati cha gari. Ukikuta umeuzidi, punguza mizigo. Springi ngumu zitalinyanyua gari, lakini breki, ekseli na chesisi zitabaki zilezile.

Chukua mfano. Tuseme springi yako ya nyuma hubonyea milimita 1 kwa kila kilo 3. Ukiongeza kilo 240 juu ya ekseli, kila upande unabeba 120, na gari linashuka milimita 40. Hapo ndipo unapogonga. Springi laini iliyorefushwa itashuka vilevile chini ya mzigo huo, na ile ngumu kupita kiasi itakurusha siku ukiwa peke yako na gari tupu. Ndiyo maana watengenezaji wazuri huuza springi za urefu mmoja kwa ugumu tofauti: ya gari tupu, ya mzigo wa wastani na ya mzigo mzito wa kudumu. Zingatia hilo neno kudumu. Bampa na winchi, ambavyo kwa pamoja hukaribia kilo 100, haviteremki gari likirudi nyumbani, kwa hiyo mbele chagua springi inayovihesabu. Nyuma, kama hema na friji huvishusha baada ya safari, chukua ya wastani. Na kama Prado yako ni ile yenye mifuko ya hewa nyuma badala ya koili, mwambie muuzaji mapema, kwa sababu seti yake ni tofauti.

Sasa hizo inchi 4. Mbele ya gari lako kila gurudumu linajitegemea, na nguvu inalifikia kupitia sivijointi, yaani viungo vya shafti vinavyopinda huku vikizunguka. Ukinyanyua chesisi, difu, lile kasha la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu, inapanda nayo, magurudumu yanabaki chini, na shafti zinalala kwa mteremko mkali zaidi. Piga magoti ulitazame gari lililonyanyuliwa kupita kiasi: ule mpira wenye mikunjo unaofunika sivijointi umebanwa upande mmoja hadi mikunjo inasuguana, na upande wa pili umenyooka. Mikunjo ikisuguana mpira unachanika, grisi inatoka, mchanga unaingia, na jointi haichukui muda kuanza kulia ukikata kona.

Kuna hasara nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Mwendo wote wa gurudumu, juu na chini, una mwisho wake. Ukilisimamisha gari milimita 50 juu kwa springi, umeuhamisha mwendo huo, hukuuongeza. Umepata nafasi ya kubonyea, lakini gurudumu haliwezi tena kushuka shimoni kama zamani, na gurudumu linaloning'inia halivuti. Kwa Prado ya safari ya familia, mimi naishia inchi 2, yaani milimita 50. Hapo sivijointi bado zinavumilia. Ukipita hapo unahitaji mikono mipya ya juu, yaani vyuma vinavyolishikilia gurudumu la mbele, ili pembe za magurudumu zirudi sawa, pengine na vipande vya kuishusha difu ya mbele, na kila kipande unachoongeza ni kitu kingine cha kukagua porini.

Tairi za inchi 33? Kwenye Prado 120 zinagusa pale nyuma ya gurudumu la mbele, kwenye kishikio cha bodi, ukikata usukani hadi mwisho. Watu hukata chuma hicho na kukichomelea upya. Sikushauri. Kama tairi zako ni 265/65R17, panda hadi 265/70R17. Kipenyo kinaongezeka kama milimita 26, kwa hiyo difu ya nyuma inapanda milimita 13. Kumbuka hili: difu ya nyuma hainyanyuliwi na springi hata uweke za urefu gani, kwa sababu ekseli imekaa juu ya tairi. Tairi pekee ndiyo inayoipandisha. Spidi mita nayo itadanganya kidogo. Ikionyesha 100 utakuwa unakwenda kama 103.

Spesa za juu ya shokapu za mbele nazikataa kwa gari lako. Kipande cha milimita 25 kikiwekwa pale hunyanyua gurudumuni karibu mara mbili yake, springi inabaki ileile iliyochoka, na gurudumu likining'inia shokapu inasukuma mikono na sivijointi kupita mahali zilipopangiwa kufika. Bei yake nafuu, ndiyo, lakini haibebi hata kilo moja ya bampa lako.

Fedha hiyo iweke kwenye shokapu. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi-mawimbi, mafuta ndani ya shokapu yanachemka na kufanya povu, na gari linaanza kuelea. Ya bomba moja hupoa haraka kwa kuwa ukuta wake ndio unaopigwa na upepo, ila jiwe likiubonyeza, pistoni inakwama. Ya mabomba mawili huvumilia mawe zaidi, lakini hupoa polepole. Kwa mawe mengi na mwendo wa taratibu nachukua ya mabomba mawili yenye kipenyo kikubwa. Hakikisha tu inalingana na springi uliyochagua: ikifungwa yote isifike mwisho kabla ya raba ya kugongea, na ikifunguka yote isiuvute mpira wa breki. Fundi alitundike gari, magurudumu yaning'inie, apitishe mkono kwenye kila mpira wa breki na kila waya wa sensa. Ukikuta umekaza kama uzi wa nguo, urefushwe kabla gari halijatoka.

Kabla ya kazi pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, uandike. Usipime kutoka ardhini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Bushi, zile raba za kwenye viungo, zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake, kwa sababu zikikazwa likiwa hewani zinakaa zimejisokota na kuchanika mapema. Kisha alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, taa za mbele zishushwe zisiwaumize wenzako macho, na baada ya kilomita 500 bolti zote zipitiwe tena. Uliza pia bima yako na sheria ya ukaguzi unakoishi, na kona uzipunguzie mwendo, kwa maana uzito wa gari sasa uko juu zaidi, na una hema juu yake.

Fundi, nimenyanyua Jimny yangu inchi 3 kwa springi na shokapu tu. Barabarani usukani unazurura, nikikata kona haurudi wenyewe, na nikifika kilomita 70 kwa saa unatetemeka. Wameniambia nifunge shokapu ya usukani iliyo ngumu zaidi.
Msomaji mwenye Jimny

Dada, usiifunge bado. Jimny ina ekseli nzima mbele, iliyoshikwa na mikono miwili mirefu. Gari lilipopanda, mikono ile iliinama zaidi na kuizungusha ekseli, ukapoteza pembe ya kasta, ambayo ndiyo inayourudisha usukani katikati. Dawa yake ni bushi za kurekebisha kasta, au kwa inchi 3 mikono iliyotengenezwa kwa urefu huo. Angalia pia fimbo ya Panhard, ile inayoizuia ekseli isiende kando: gari likipanda, fimbo hiyo inaivuta ekseli upande mmoja, kwa hiyo kwa urefu wako iwe ya kurekebishika. Mtetemeko wenyewe mara nyingi unatoka kwenye bushi za fimbo hiyo zilizolegea, bearingi za vifundo vya magurudumu, au tairi zisizo na balansi. Mtu mmoja ausogeze usukani kushoto na kulia injini ikiwaka, wewe chungulia chini kila kiungo kinavyocheza. Shokapu ngumu ya usukani itauficha mtetemeko wakati chuma kinaendelea kulika.

Nina pikapu ya springi za mabapa. Je, shakeli ndefu (kile kiungo kinachoshika ncha ya springi) au vipande vya chuma chini ya springi?
Msomaji mwenye pikapu

Springi mpya zilizokunjwa kwa urefu unaoutaka, kaka. Shakeli ikiongezwa milimita 50 inakupa kama 25 tu, na inaizungusha ekseli. Vipande vya chuma mbele kamwe, na nyuma vinaiongezea ekseli nguvu ya kuipinda springi kila unapokanyaga mafuta au breki. Kama pikapu yako ina ile valvu ya breki ya nyuma yenye kijiti kilichofungwa kwenye ekseli, kijiti hicho kirekebishwe siku hiyohiyo. Gari likipanda, valvu inadhani halina mzigo, na inapunguza breki za nyuma.